Daima au Hiari

Kiini kililia mara moja, kikaandika kwenye kioo changu: KIFAA KIPYA, TUNDU LA 14. HAKIJARUHUSIWA. Nilikuwa namenya ndizi za mchana. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikasogea nisome aina ya kifaa. Pampu ya pumzi, ya zamani kidogo, betri imechoka. Nikashuka mstari wa pili nione jina la mwenyewe.

ASEGELILE MWAIJANDE, MHANDISI MSTAAFU.

Kisu kikaniponyoka. Nikalisoma lile jina tena, kwa sauti, halafu nikacheka. Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka machozi yakanitoka. Jamani! Miaka yote hiyo nimekaa nikipanga nitamfikiaje yule mtu, na nyumba yake ya ghorofa kule juu Ilolwa, na walinzi wake, na mbwa wake wenye manyoya mengi kuliko kondoo. Kumbe nilitakiwa kukaa tu kwenye kiti changu. Ameletwa mwenyewe.

Mimi ni Sekela, mlinzi wa kiini katika Nyumba ya Pumzi. Kazi yangu inaeleweka upesi. Watu ambao vumbi la mgodi limewala mapafu wamewekewa pampu kifuani, na pampu inahitaji umeme. Wakitoka zamu wanakuja kulala kwenye vitanda vyetu, maana hakuna pengine penye umeme wa kuitosha, kila kitanda na waya wake ukutani. Waya wenyewe ni wa USB, ule ule ambao babu zetu walichajia simu. Dunia imebadilisha kila kitu, hicho ikakisahau. Nyaya zote zinaingia kwenye mtambo mmoja, na ndani ya mtambo ndimo kilimo kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamua kifaa gani kipewe umeme na mpaka lini. Kiini hakimwamini mtu. Ukichomeka chochote, kinakataa mpaka mlinzi aseme ndiyo.

Akishasema ndiyo, kuna neno moja la kuandika mbele ya tundu. Ukiandika DAIMA, kiini hakiruhusiwi kukilaza kifaa hicho, umeme unakwenda moja kwa moja. Ukiandika HIARI, kiini kinajiamulia: kikiona kifaa kimekaa kimya sekunde kadhaa, kinakilaza ili umeme uokolewe. Kwa redio au taa ya mezani hiari ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ila mume wangu Lugano aliuawa na neno hilo.

Lugano alikuwa mtu wa kelele. Akioga utajua, akitafuta soksi mtaa mzima utajua. Lakini akilala, loo, hata kukoroma hakukoroma. Sasa, pampu inapeleka ujumbe kwenye kiini pale tu pumzi inapobadilika: mtu akikohoa, akigeuka, akizungumza. Aliyelala fofofo pumzi yake ni ile ile, pampu haina la kusema. Mwaijande, wakati huo mkuu wa umeme wa mgodi, akatoa waraka kwamba vifaa vyote, bila kubagua, viwekwe HIARI, sekunde thelathini. Lugano alitoka zamu betri ikiwa tupu. Akala, akautania ugali wangu kwamba unafaa kuzibia ufa wa ukuta, akaenda kujilaza. Kiini kikaona tundu lake limenyamaza, kikalilaza. Kengele ya hatari nayo ilikuwa humo humo ndani ya pampu, ikalazwa pamoja nayo. Wiki ile walikufa watu kumi na mmoja, wote wale waliolala vizuri. Tume ilipokuja iliandika "hitilafu ya kifaa", na Mwaijande akapandishwa cheo.

Waraka huo huo ulifuta Mwito. Zamani mlinzi hakugusa tundu la mtu akiwa amekaa ofisini. Alikwenda mpaka kitandani, akaushika waya mkononi, akamwita mwenyewe kwa jina lake kamili, na mtu wa kwao akaitika, "Yupo." Hapo ndipo alipogusa. Mwaijande aliuita uganga wa mafundi. Tulipomaliza kuzika tuliurudisha, sisi wanawake, tukaongeza na sheria yetu: mwenye kifua ndiye anayechagua neno. Mkubwa wa juu asichague tena, wala tume, wala mlinzi.

Kwa hiyo nikavua kanga ya jikoni, nikafunga safi, nikaenda kumwita.

*

Alikuwa amelala chali, amekonda, shingo kama ya kuku. Pembeni amekaa binti yake, Bupe, msichana wa miaka ishirini na kitu, anampangia mito. Bupe alinipa shikamoo nzuri kabisa, nikaipokea. Mzee akanitazama akisubiri ya kwake. Angesubiri mpaka akaota mizizi.

"Wewe ni Sekela," akasema. "Mke wa yule kijana wa..."

"Mjane. Mke nilikuwa zamani."

Nikaushika waya. Wadi nzima ilikuwa imegeukia kwetu, vitanda vya kushoto na vya kulia. Hata Mama Ambilikile, anayetupikia chai, alikuwa amesimama mlangoni na birika lake. Mwanawe Ambilikile ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Kila mtu alikuwa anajua tunamwangalia nani.

"Asegelile Mwaijande!" nikaita. Bila mzee, bila mhandisi.

"Yupo," akaitika Bupe, uso umemkunjamana kwa ule utovu wa adabu.

"Chagua neno."

Nilikuwa nimejiandaa, nakwambia. Nilijua atasema daima, na mimi nitamuuliza mbele ya wote: kwa nini daima, baba? Si ulituambia hiari haina neno? Swali lilikuwa limeshanifika kwenye ncha ya ulimi. Yeye akazungusha macho, akatazama kitanda hiki na kile, akaona watu wanavyomsikiliza. Akajiinua kidogo kwenye mto.

"Hiari," akasema. "Sekunde thelathini. Kama waraka unavyosema."

"Baba," Bupe akamshika mkono, "una uhakika?"

"Waraka ule ulikuwa sahihi. Watu walikufa kwa pampu mbovu. Yangu si mbovu."

Hata mahali pale, na waya kifuani, bado anatutukania marehemu wetu! Lakini sheria inanitaka nieleze, nikaeleza. "Ukilala ukatulia, kiini kitailaza pampu yako. Kengele haitalia. Umenielewa?"

"Binti, mipangilio ya hicho kiini niliiandika mimi kabla wewe hujajua kuwasha kompyuta."

"Haya, baba," nikamwambia. "Lala unono."

Nikaandika HIARI. Nikaandika thelathini. Nilipokuwa narudi ofisini Mama Ambilikile alinipisha mlangoni akanigusa bega. Nilikuwa na furaha. Sikuwa na furaha ya namna ile tangu nimfukie mume wangu.

*

Tuliketi mbele ya kioo, mimi na Mama Ambilikile, tukimimina chai ya tangawizi. Kila tundu lina namba inayohesabu sekunde za ukimya wake. Ujumbe ukija, namba inarudi sifuri. Tulikuwa tunalitazama tundu la kumi na nne tu.

Ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na saba. Halafu ujumbe, sifuri.

"Kakohoa," akasema Mama Ambilikile.

Ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba, sifuri. Ikarudia. Ikarudia tena. Chai ikapoa, namba ile ile. Mtu gani anakohoa kwa saa? Nikainuka nikaenda kuchungulia kwenye kidirisha cha wadi. Mwaijande amefumba macho kama aliyelala, Bupe anasoma kitabu chake. Ila blanketi lilikuwa linacheza juu ya kifua. Kidole. Kila baada ya muda kidogo, kidole kinagonga pampu, tuk, nayo inapeleka ujumbe.

Kumbe anajua!

Sijui kama nitaweza kukueleza vizuri. Miaka yote nilikuwa nimemchukia kama mjinga, msomi mwenye kiburi aliyeandika waraka bila kufikiri. Mjinga unamchukia huku roho nyingine inakuambia, basi, hakujua. Ile roho nyingine ikafa pale dirishani. Alijua tangu zamani ukimya unafanya nini. Amelala katikati yetu anatudanganya kwa mdomo na kujiokoa kwa kidole.

Nikamwambia Mama Ambilikile. Akawa anazungusha kikombe chake.

"Atachoka," akasema mwishowe. "Mtu hawezi kujigonga siku zote. Na sisi mikono yetu safi, Sekela. Neno kachagua mwenyewe, mwanawe kaitika, watu wamesikia. Keti."

Nikaketi.

Alijigonga mchana ule wote. Betri yake haikuwa na nguvu ya kumtoa kitandani, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Nilipoingia kazini siku ya pili asubuhi bado alikuwa anajigonga, ila sasa namba inafika ishirini na tisa. Macho yalikuwa yamemwiva. Wagonjwa wenzake wanalala, wanaamka, wanakunywa uji, yeye yuko vile vile. Nilipita kitandani kwake makusudi, nikamwuliza kama amelala salama. Akanitazama, nami nikamtazama, na nadhani hapo alijua kwamba na mimi najua. Angesema tu "daima" ningelazimika kuandika. Neno moja! Kiburi kikamkaba.

Mchana, Bupe akabisha mlango wa ofisi.

"Shangazi, samahani. Baba hajapata usingizi tangu jana. Nimembembeleza, nimemsomea, wapi. Hakuna dawa kidogo ya kumlaza?"

Mama Ambilikile aliinuka kabla hajamaliza kusema. Kabati la dawa liko nyuma ya kiti changu. "Ipo, mwanangu," akasema kwa sauti tamu kabisa. "Njoo nikupe. Vidonge viwili, na maji ya uvuguvugu."

Bupe akaingia, akanyoosha mkono. Nikauona ule mkono. Kucha zimekatwa fupi, na kovu dogo la kuungua, kama la mtu anayepika mwenyewe. Ni mkono huo ambao ungemwekea baba yake vidonge mdomoni, ukamfunika, na kesho ukakumbuka.

"Imekwisha," nikasema.

"Sekela!" Mama Ambilikile akanigeukia.

"Nimesema imekwisha. Nilitoa ya mwisho jana."

Bupe akatushukuru sote wawili, maskini. "Basi nitamkanda miguu," akasema. "Toka nikiwa mdogo nikimkanda miguu analala papo hapo."

Mlango ukafungwa. Mama Ambilikile alikuwa ananitazama kama nimemtemea mate. "Umemhurumia?"

"Nimemhurumia binti. Huyo mzee simhurumii hata punje."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tuligeuka wote kwenye kioo. Ishirini na nane, sifuri. Ishirini na tisa, sifuri. Nikawa naiona miguu yake mikavu mikononi mwa yule msichana, na kidole kinavyozidi kuwa kizito. Ishirini na tisa, sifuri. Halafu ishirini na tisa, kisha thelathini.

TUNDU LA 14: LIMELALA.

Mama Ambilikile akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa analia bila sauti. "Tulia," akaninong'oneza. "Tulia tu, mdogo wangu. Inakwisha sasa hivi."

Nilitulia. Nasema waziwazi, nilitaka afe. Nilikaa kwenye kiti changu nikaitazama ile taa ya tundu lake imekuwa ya njano, nikamwona Lugano na mdomo wake ulivyokuwa umefunguka kidogo nilipomkuta, nikasema moyoni, onja. Onja na wewe. Halafu nikawaza kesho. Kesho watakuja wale wa tume na viatu vyao vinavyong'aa. Watafungua pampu, watakuta betri imechoka, wataandika "hitilafu ya kifaa". Watamzika kwa hotuba, watasema hata kitandani aliuamini waraka wake mpaka mwisho. Na bintiye ataamini. Nikaona kwamba nikimwacha afe sasa hivi, nimemsaidia. Anaondoka na jibu la swali langu mdomoni, na Lugano anabaki ameuawa na pampu mbovu.

Nikaupokonya mkono wangu. Nikaandika AMKA, nikakimbia.

*

Bupe alikuwa anapiga kelele, amemkumbatia baba yake kichwa. Midomo ya mzee ilikuwa imekuwa ya buluu. Pampu ilishtuka mara moja, ikashtuka tena, kifua kikapanda, akavuta hewa kwa mlio ambao wadi nzima iliusikia. Waliokuwa wamelala wakaamka. Nikasimama juu yake, nikaushika waya, nikasubiri macho yarudi.

"Tangu jana unajigonga kifua," nikasema. "Kila inapokaribia thelathini. Mwambie mwanao kwa nini."

Akafumba macho.

"Baba?" Bupe akaniangalia, akamwangalia yeye. "Anasema nini huyu? Ulikuwa unajigonga?"

"Ulikuwa unajigonga kwa nini, kama waraka ni sahihi? Sema! Waya ninao mimi!"

Alipoanza kusema hakunitazama mimi wala bintiye, alikuwa anasema na dari. "Nilijaribu kwanza," akasema. "Kabla ya waraka. Kitanda kimoja, mzee mmoja wa zamu ya asubuhi. Nilikaa naye mwenyewe. Alilala, pampu ikanyamaza, nikamtikisa akaamka. Basi, nikajua."

Kwenye kitanda cha jirani mtu akajiinua kwa kiwiko asikie vizuri.

"Mgodi ulikuwa unataka umeme wa mashine mpya za kusagia mawe. Walinipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikafikiri watu wengi wanalala kama mimi ninavyolala, wanageukageuka, wanakohoa, haitawadhuru." Akaushika ukingo wa blanketi. "Nilifikiri watakufa wawili watatu."

"Wawili watatu," nikasema.

"Ndivyo nilivyofikiri."

Bupe alikiachia kichwa cha baba yake. Alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akabaki hapo ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee alinyoosha mkono kumtafuta, hakumpata. Nadhani hicho ndicho kilichomvunja. Maneno yangu yasingemfanya kitu.

"Sasa nimesema," akaniambia, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu mzima anayeomba. "Umepata ulichotaka. Usibadilishe neno. Liache hiari, mama, niache nilale. Sitajigonga tena."

Nikauzungusha waya kiganjani.

"Mwenye kifua ndiye anayechagua," akasema. "Si sheria yenu hiyo? Nachagua hiari."

Alikuwa sahihi, na wadi nzima ilijua kwamba yuko sahihi. Sheria ile tuliitunga tukiwa bado na udongo wa makaburi kwenye kanga zetu, ili asitokee mtu tena wa kumchagulia mwenzake neno. Jana nilimpa hiari upesi upesi kwa sababu nilijua itamuua. Leo anaiomba kwa sababu hiyo hiyo, nami sitaki kumpa. Nikimnyima, nimefanya alichofanya yeye: nimekaa juu ya kifua cha mtu nikaamua. Nililijua hilo wakati ule ule, sitasingizia hasira.

"Asegelile Mwaijande!" nikaita.

Nikamtazama Bupe. Bupe akageuza uso ukutani, hakuitika. Na Mwito usipoitikiwa, mlinzi haruhusiwi kugusa chochote.

Nikagusa. Kwenye kibodi kidogo cha kitandani nikafuta HIARI, nikaandika DAIMA. Pale penye sekunde thelathini nikaweka hasi moja, namba ambayo kwa kiini maana yake ni kamwe, hata akinyamaza mwaka. Halafu nikafunga kwa nywila yangu, ambayo hakuna mwingine anayeijua. Taa ya tundu la kumi na nne ikawa ya kijani.

"Huna haki," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuingia masikioni, na pampu inamvutia hewa tu, nzuri, ya kutosha. "Huna haki hiyo!"

"Sina. Nishtaki. Utapata nguvu ya kwenda, nimekuwekea umeme wa kutosha."

Nilipogeuka, Mama Ambilikile alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Hakunitazama. Aliburuta kigoda kutoka kitanda cha jirani, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akakiweka karibu kabisa na kichwa cha mzee, akakaa. Mlangoni walikuwa wameshaanza kuingia wafiwa wengine, mama Tusa, na wake wawili wa marehemu Kajuni, wanatafuta pa kukaa.

"Mwanangu alikuwa anaitwa Ambilikile," akamwambia polepole, kama anayemtambulisha mgeni. "Alilala kitanda kile cha dirishani. Haya, baba, tuna muda mwingi sasa. Katika wale wawili watatu wako, yeye alikuwa wa pili, au wa tatu?"